Mwigizaji wa Uskoti anayetaka kazi ng'ambo: aanzie wapi, aandae nini, ajihadhari na nini

Kosa linalowamaliza waigizaji wengi wa Uskoti ni kukata tiketi ya Los Angeles kabla kazi haijapatikana. Wanafika na akiba ya miezi michache, kibali cha kufanya kazi hawana, wakala wa huko hawana, na kila ofisi wanayobisha hodi inawauliza swali lilelile: kwenu ulifanya nini? Waliofika mbali, wengi wao walitanguliwa na kazi. Alan Cumming, mzaliwa wa Aberfeldy, aliingia Broadway mwaka 1998 na uhusika aliokwisha kuucheza London miaka mitano nyuma, akaondoka na tuzo ya Tony. James McAvoy wa Glasgow alikwenda Uganda kwa sababu filamu iliyotoka mwaka 2006 ilimhitaji huko. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza nyumbani, unapitia makaratasi, na ndege inakuja mwisho.

Tumewafikiria pia vijana wa familia za Kikongo, Kirwanda na Kirundi waliokulia Uskoti. Hati ya kusafiria waliyo nayo hubadilisha hesabu katika sehemu kadhaa, nasi tutazitaja zinapofika.

Chuo, jukwaa la kwanza na jina

Royal Conservatoire of Scotland, kilichopo Renfrew Street mjini Glasgow, ndicho chuo walichopitia Cumming, McAvoy, David Tennant, Sam Heughan na Ncuti Gatwa. Shahada ya uigizaji huchukua miaka 3. Maombi hupitia UCAS Conservatoires, ambao ni mfumo tofauti na UCAS ya vyuo vikuu vya kawaida, na dirisha la drama kwa kawaida hufungwa mwishoni mwa Januari. Anayesubiri hadi matokeo ya shule yatoke amechelewa mwaka mzima.

Kwa usaili andaa vipande viwili vya kusema peke yako, kimoja cha kale chenye mizani ya kishairi na kingine cha kisasa, kila kimoja kisizidi dakika 2. Chagua mhusika wa rika lako. Kijana wa miaka 18 akiigiza mfalme aliyezeeka, wasaili wanabaki kutazama mvi ambazo hazipo. Mkazi wa Uskoti anayetimiza masharti hulipiwa ada ya pauni 1,820 kwa mwaka na shirika la SAAS, na mwenye hadhi ya ukimbizi naye anaweza kuomba. Ombi hilo hurudiwa kila mwaka. Ukisahau mwaka wa pili, bili inakuja kwako.

Chuo si lazima. Sean Connery hakupita chuo chochote cha drama, na Brian Cox alianza akiwa kijana mdogo katika ukumbi wa Dundee Rep kabla ya kwenda kusomea London. Lakini kwa mtu asiye na ndugu kwenye fani, chuo kinampa kitu kimoja kigumu kukipata kwingine: onyesho la wahitimu ambako mawakala wa Glasgow na London wanakuja kuangalia.

Ukishahitimu usiikimbie Uskoti. Gatwa, aliyezaliwa Kigali mwaka 1992 na kukulia Edinburgh na Dunfermline, alihitimu 2013, akafanya kazi Dundee Rep, akapanda majukwaa ya London, na ni 2019 ndipo mfululizo wa televisheni ulipomtambulisha kwa dunia. Miaka sita hiyo haikuwa ya bure. Kwenye ukumbi wa mkoa unapewa wahusika wakubwa ambao London ungewasubiri hadi unyoe ndevu nyeupe, na wahusika hao wakubwa ndio watakaohesabika siku ya viza.

Jina lishughulikie mapema. Equity ya Uingereza, chama cha waigizaji, hairuhusu wanachama wawili kutumia jina moja la kazi. David Tennant alizaliwa David McDonald, akakuta jina limeshachukuliwa. Chama cha Marekani, SAG-AFTRA, kina kanuni kama hiyo. Kabla hujachapisha jina kwenye bango lolote, lichunguze pande zote mbili. Ukibadilisha baada ya miaka minane, uhakiki wote ulioandikwa kwa jina la zamani itabidi uuthibitishe kuwa ni wako.

Agosti, Edinburgh

Fringe, tamasha la sanaa za jukwaani la Edinburgh, ilianza 1947 na sasa hubeba maonyesho zaidi ya 3,000 kila Agosti. Ndilo soko ambalo wanunuzi wa nje huja wenyewe: kumbi za New York, Adelaide na kwingineko. Onyesho moja huwa na kama saa nzima ya ukumbi, na kufunga na kufungua jukwaa mara nyingi hupewa dakika 10 au 15. Tamthilia inayohitaji kitanda, ngazi na mvua haiwezi kuishi hapo. Andaa kitu kinachoingia kwenye masanduku mawili, maana hicho hicho ndicho kitakachopanda ndege.

Pesa za Fringe zinaumiza, na tatizo kubwa mara nyingi ni malazi kuliko tiketi kutouzika. Waigizaji wa Uskoti wana faida hapa: wenye ndugu Edinburgh, au wanaoweza kurudi Glasgow kwa treni ya usiku, wanaokoa kiasi ambacho kundi la kutoka London linalipa wenye nyumba. Soma mkataba wa ukumbi uone kama ni mgawanyo wa mapato tu au kuna kima cha chini mnachodaiwa hata viti vikibaki wazi. Aina ya pili ndiyo inayoacha madeni. Kundi la Uskoti liombe pia kuingia kwenye programu ya Made in Scotland, kwa sababu ina fungu la kusaidia ziara za nje baada ya tamasha. Njia nyingine ni National Theatre of Scotland, iliyoanza kazi 2006 bila ukumbi wake wa maonyesho. Maonyesho yake husafiri, na anayesafiri nayo hushughulikiwa makaratasi na kampuni.

Ulimi

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Mskoti ana mtaji asioujua.

Kiingereza cha Marekani hutamka herufi r kila mahali, hata mwisho wa neno, na Kiskoti vilevile. Mwigizaji wa London inambidi ajifunze kuirudisha. Wa Glasgow anayo tayari. Tatizo ni aina yake. Mskoti mara nyingi huigonga kwa ncha ya ulimi kwenye ufizi, karibu sawa na r ya Kiswahili kwenye «kara». Mmarekani haigusi popote: ulimi unajikunja au kujivuta nyuma na kubaki hewani. Sasa, mguso ule wa Kiskoti una kazi nyingine Marekani. Ni ile t ya katikati ya «water» na «city». Kwa hiyo mazoezi ya wiki ya kwanza ni ya kuhamisha tu: chukua mguso wa r uupeleke kwenye t, halafu r iache ielee. Mwenye lafudhi ya Glasgow anayekata t kooni hapa atatoka jasho, lakini sauti anayoihitaji tayari iko kinywani mwake, imewekwa mahali pasipo pake.

Irabu ni kazi ya miezi. E na o za Kiskoti katika «face» na «goat» zimenyooka, hazigeuki njiani, kama e na o za Kiswahili. Za Kimarekani huanza mahali na kuishia pengine. Msemaji wa Kiswahili aliyekulia Uskoti hubeba unyofu huo mara mbili, wa nyumbani na wa mtaani, kwa hiyo afanye zoezi hili mara mbili zaidi. Kisha kuna maneno ambayo kwa Mskoti ni sauti moja na kwa Mmarekani ni mbili: «pull» na «pool», «Sam» na «psalm». Andika sentensi kumi zenye jozi hizo, zirekodi, mpe mtu asiyeona karatasi akuambie amesikia lipi. Jozi ya «cot» na «caught» iache. Wamarekani wengi nao huzichanganya, na muda wako ni mchache. «Girl» na «world» ndiyo mitego mikuu, kwa sababu r na l zinafuatana na Mskoti hupenyeza kairabu katikati. Zisome polepole bila kuruhusu ulimi uguse kitu hadi l ifike.

Usifute lafudhi ya nyumbani. Connery alichukua Oscar mwaka 1988 akicheza polisi wa asili ya Ireland mjini Chicago, na lafudhi yake ya Edinburgh haikuondoka mdomoni. Hiyo ilikuwa ruhusa ya nyota, mwanzo wa safari huipati. Lakini uhusika wa Kiskoti ukija, kama wa McAvoy aliyecheza daktari wa Kiskoti Uganda, atakayeshinda ni yule ambaye lafudhi yake bado iko hai. Weka kwenye wasifu wako wa Spotlight, orodha ya mtandaoni ya waigizaji, klipu mbili za sauti, moja ya kwenu na moja ya Marekani. Klipu ya lafudhi tano zote za wastani inakuharibia.

Video ya usaili

Usaili mwingi wa kwanza wa filamu sasa unafanyika kwa video unayojirekodi. Simu inatosha. Ilaze kwa upana kwenye tripodi, lenzi iwe usawa wa macho, fremu ianze katikati ya kifua. Ukuta nyuma uwe wa rangi moja, kijivu au buluu iliyopoa. Taa weka mbili pande mbili za kamera. Usitegemee dirisha, maana Desemba jua la Glasgow linazama kabla ya saa kumi jioni. Anayekusomea mistari ya pili asimame ubavuni kabisa mwa lenzi, aongee chini kuliko wewe. Akiwa karibu na simu kukuzidi, sauti yake itakufunika na wewe utaonekana mgeni kwenye video yako.

Utambulisho mfupi: jina, urefu kwa futi na inchi, ulipo, wakala wako. Jina la faili liandike kama barua ya usaili ilivyoagiza, herufi kwa herufi. Na saa: Los Angeles iko nyuma ya Glasgow kwa saa 8, lakini kwa wiki mbili au tatu za Machi na wiki moja hivi mwisho wa Oktoba ni saa 7, kwa sababu nchi hizi mbili hazibadilishi saa siku moja. Kwa kazi zilizo chini ya mkataba wa SAG-AFTRA uliofuata mgomo wa 2023, usaili wa kwanza una kikomo cha kurasa 8 na muda usiopungua saa 48 bila kuhesabu wikendi na sikukuu. Ukipewa kurasa 14 usiku wa Ijumaa kwa ajili ya Jumamosi, wakala wako ana haki ya kupiga simu.

Ukiitwa ana kwa ana New York, chapisha picha ya uso ya inchi 8 kwa 10, na wasifu wa ukurasa mmoja uliokatwa kwa kipimo hichohicho, ubanwe mgongoni mwa picha. Karatasi ya A4 inatokeza pembeni na kukunjika. Umri usiandike.

Viza ya O-1B, na faili linaloibeba

Viza ya kawaida ya mwigizaji Marekani ni O-1B. Hupewi kwa kipaji. Unapewa kwa ushahidi. Asiye na tuzo kubwa ya kiwango cha Oscar au Emmy anatakiwa kutimiza walau vigezo 3 kati ya 6: kuwa mhusika mkuu katika kazi zenye sifa, kuandikwa na wahakiki, kuwa na nafasi kubwa katika taasisi zenye sifa, kazi zilizofanikiwa kwa mauzo au uhakiki, kutambuliwa na mashirika na wataalamu, na malipo ya juu kuliko ya wenzako.

Faili hili lianze siku ya kwanza ya kazi ya kwanza. Kila onyesho: kitabu cha programu, picha ya bango lenye jina lako, mkataba, na uhakiki wenye jina la gazeti na tarehe. Uhakiki wa mtandaoni uhifadhi kama PDF siku hiyohiyo, maana tovuti ndogo za sanaa hufa. Kwa kila kazi kubwa omba barua mwongozaji angali anakukumbuka. Barua nzuri inasema ulicheza nani, kwa nini uhusika huo ulikuwa nguzo ya onyesho, ukumbi ni wa hadhi gani, na mwandishi mwenyewe ni nani. Barua inayosema wewe ni kijana mchangamfu na mnyenyekevu haina kazi. Hapa ndipo waigizaji wa makundi ya pamoja hukwama: kwenye programu majina yamepangwa kwa alfabeti, na afisa wa uhamiaji haoni mkuu ni nani. Barua ndiyo inayomweleza.

Wapo waliopata ushahidi huu bila kuvuka mpaka. Mfululizo wa Kimarekani uliomtoa Sam Heughan ulishutiwa Cumbernauld, nje kidogo ya Glasgow. Kazi ya mtandao wa televisheni wa Marekani ni kazi ya Marekani hata ukiiendea kwa basi.

Ombi lenyewe huliwasilishi wewe. Linawasilishwa kwa fomu ya I-129 na mwajiri au wakala aliye Marekani, si zaidi ya mwaka 1 kabla ya kazi kuanza. Linahitaji barua ya maoni ya chama: kwa jukwaa, Actors' Equity Association, kwa filamu na televisheni zinatakiwa mbili, ya SAG-AFTRA na ya umoja wa watayarishaji, AMPTP, na kipimo chake ni kikali zaidi. Mwambie mwanasheria mapema kama utafanya vyote viwili. Kibali hufika hadi miaka 3, mradi uonyeshe mikataba au makubaliano ya kazi za kipindi hicho. Ukiwa na kazi ya miezi minne tu, usishangae kupewa miezi minne. Aliyewasilishiwa na mwajiri mmoja hawezi kulipwa na mwingine, ndiyo maana anayetarajia kazi tofauti tofauti hutumia wakala kama mwombaji. Huduma ya haraka hujibu ndani ya siku 15 za kazi, lakini jibu laweza kuwa ni kudaiwa ushahidi zaidi.

Ombi likikubaliwa bado viza haijagongwa. Ubalozi mdogo wa Marekani ulioko Edinburgh hautoi viza. Utakwenda London au Belfast. Kuingia unaruhusiwa siku 10 kabla ya tarehe ya kuanza, ila siku hizo si za kazi. Na ESTA, ruhusa ya mtandaoni ya kuingia Marekani bila viza, ni ya kukutana na mawakala na kunywa kahawa, si ya kulipwa. Mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi hana ESTA kabisa. Hata kwa mkutano wa siku mbili ataomba viza ya mgeni, basi aweke miezi ya nafasi.

Broadway ina kizuizi chake juu ya viza: mtayarishaji haleti mwigizaji wa nje bila ridhaa ya Actors' Equity, ambayo hutolewa kwa nyota, kwa mtu mwenye kitu ambacho hakipatikani kwa mwenyeji, au kwa kubadilishana na Equity ya Uingereza. Kumbi ndogo za New York, kama 59E59 inayoleta maonyesho ya Uingereza, ni mlango mpana zaidi.

Ukijiunga na SAG-AFTRA, kanuni yake ya kwanza inakufuata duniani kote: hakuna kazi isiyo na mkataba wa chama. Filamu fupi ya rafiki yako inayoshutiwa mtaani Leith, Edinburgh, nayo iulizie kwanza.

Ulaya, Ireland, Afrika Mashariki

Tangu 2021 Mwingereza hana haki ya kufanya kazi Umoja wa Ulaya bila utaratibu wa kila nchi, na siku za kukaa bila viza ni 90 katika kila 180 kwa eneo lote la Schengen. Mazoezi wiki 4 na maonyesho wiki 6 Vienna ni siku 70. Mapumziko ya wiki tatu Uhispania baadaye yanakuvusha kikomo. Ufaransa huwasamehe wasanii kibali cha kazi kwa maonyesho yasiyozidi miezi 3. Usidhani jirani zake wako hivyo. Vienna's English Theatre, iliyoanzishwa 1963, na English Theatre Frankfurt hucheza kwa Kiingereza na kuajiri waigizaji kutoka Uingereza. Ireland ni rahisi kwa raia wa Uingereza, haihitaji kibali. Mwenye ukaazi tu wa Uingereza haimhusu.

Kwa lokesheni za Afrika Mashariki, alikopita Deborah Kerr wa Glasgow kwa filamu ya 1950 iliyoshutiwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, kampuni ndiyo hutafuta vibali vya kushuti na vya kazi kupitia wenyeji. Wewe usikubali kuingia kama mtalii. Chanjo ya homa ya manjano kwa Uganda huhesabika siku 10 baada ya sindano.

Kinachobaki mfukoni

Wakala wa Uingereza akichukua kamisheni ya asilimia 15, na VAT ya asilimia 20 juu ya kamisheni hiyo, malipo ya pauni 10,000 yanakuachia 8,200. Marekani ni kali zaidi: wakala 10, meneja 10, mwanasheria 5. Ukilipwa dola 10,000 kama mkandarasi bila mpango wa kodi, 2,500 ni za hao watatu, na kodi ya zuio ya asilimia 30 hukatwa kwenye jumla kabla hujalipa mtu. Unabaki na 4,500. Kabla ya kusaini na wakala wa pili, wakubaliane kwa maandishi na yule wa London namna ya kugawana, la sivyo wote wawili watakula sehemu kamili.

Mkataba wa kodi kati ya Uingereza na Marekani unamsamehe msanii ambaye mapato yake ya mwaka Marekani hayazidi dola 20,000. Gharama unazolipiwa, hoteli na ndege zikiwemo, zinahesabiwa humo, na ukivuka kikomo unatozwa kuanzia dola ya kwanza. Waulize watayarishaji thamani ya malazi kabla hujakubali wiki ya ziada mwezi Desemba.

Hati ya kodi iliyozuiwa, fomu 1042-S, hutumwa hadi katikati ya Machi kwa mwaka uliotangulia, na ritani ya kodi ya Marekani kwa kawaida inatakiwa 15 Aprili. HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, mwaka wao unaisha 5 Aprili na ritani hufungwa 31 Januari inayofuata. Tunza fomu hiyo pamoja na hati za malipo za kila wiki: mwaka mmoja wa Marekani unaangukia miaka miwili ya Uingereza, na bila mgawanyo wa wiki kwa wiki HMRC hawatakupunguzia kodi uliyokwisha kukatwa.